Aljebra ya ringi bila jiometri ni kujitesa bure. Anayebisha aje

#1 NuktaWaRau
Wakuu salaam. Dai langu ni hili: aljebra komutativu, yaani mambo ya ringi (mikusanyiko ya vitu unavyoweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha, kama namba kamili) ambazo ab na ba ni kitu kilekile, haiingii kichwani mpaka uione kwa jiometri. Chuoni tulimwagiwa fasili: ringi, ideali (fungu ndani ya ringi: ukijumlisha vyake unabaki humo, ukizidisha chake kwa chochote cha ringi unabaki humo), ideali tasa, ringi ya mgawo. Tukakariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Sasa nimeirudia mwenyewe hapa Moshi, usiku watoto wakishalala, na safari hii nachora kila kitu.

Mfano ulionifungua. Chukua duara x² + y² = 1, ulikate kwa mstari wa wima. Ukikata kwa x = 0 unabaki na y² = 1, nukta mbili, moja juu moja chini. Ukikata kwa x = 1, ule mstari unaogusa tu ukingoni, unabaki na y² = 0. Kwa macho ni nukta moja. Lakini angalia ringi iliyobaki: vitu vya namna a + by, ambapo y si sufuri ila y mara y ni sufuri. Vipande vya msingi bado ni viwili, 1 na y. Ile nukta moja ni mbili zilizolaliana, na y ndiyo inayokumbuka zilikutana zikitokea upande gani. Tangu sekondari naambiwa "mzizi unaojirudia", hakuna aliyeniambia una ringi yake.

Kwa nini hawaanzi hivi? Jiometri kwanza, fasili baadaye. Naomba kuwasilisha.

#2 ChaliiWaSakina
Siti ya mbele. Ngoja waje wenye vichwa vyao.

#3 Mwl_Kiboriloni
Nabisha. Mimi nafundisha kidato cha tano na cha sita, wanafunzi wangu wanachora parabola na elipsi mpaka daftari linaisha. Picha hazijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kwamba picha inaishiwa pumzi kabla ya hesabu.

Mkuu umekata duara kwa x = 0 na x = 1, ukanyamaza. Mbona hukukata kwa x = 2? Kwenye karatasi mstari umepita nje, hamna kitu. Kwenye hesabu unabaki na y² = −3, na ringi ipo palepale na vipande vyake viwili, 1 na y. Tena si ringi ya kudharau: juu ya namba halisi, hizo ni namba changamano zenyewe, zile zenye mzizi wa −1. Macho yanasema hakuna, aljebra inasema mbili kama kawaida. Hapo nani kamwongoza mwenzake?

#4 NuktaWaRau
Shikamoo mwalimu. Umenipigia pasi. Mbili kwa kila mstari wa wima, hiyo ndiyo jiometri, ila ni ya namba changamano. Hapo inaingia teoremu ya sufuri ya Hilbert, ya 1893: juu ya namba changamano, kila ideali ya juu kabisa (isiyo na kubwa kuliko hiyo ila ringi nzima) ya polinomia za x na y inatokana na nukta moja (a, b), na kila nukta inatoa ideali moja. Kwa hiyo ule mstari wa x = 2 unakata duara vizuri tu. Wewe uliangalia kipande cha duara badala ya duara zima.

#5 Mwl_Kiboriloni
Marahaba. Sasa hilo duara zima linahitaji karatasi ya vipimo vinne. Mbuyuni wanaiuza duka gani nikamnunulie mwanafunzi?

#6 BintiMachame
Mnaongea kana kwamba ideali zilizaliwa kwenye jiometri. Zilizaliwa kwenye namba. Miaka ya 1840 Kummer alikuwa anapambana na namba zinazokataa kuvunjika kwa njia moja, akabuni vigawo vya kudhania tu ili mambo yakae sawa. Dedekind, kwenye 1871, akavigeuza kuwa mafungu ya namba unayoweza kuyashika, ndizo ideali.

Mfano wake kila mtu anaujua: kwenye namba za namna a + b√−5, sita ni 2 × 3, na pia ni (1 + √−5)(1 − √−5), na hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne kinachovunjika zaidi. Ukivunja kwa ideali badala ya namba, njia inakuwa moja tu. Duara liko wapi hapo? Mimi niliingia kwa mlango huo na sikuteseka.

Halafu 1921 Emmy Noether akaleta mgawanyo wa ideali (kuiandika kama makutano ya ideali rahisi zaidi) kwa ringi kwa ujumla, kwa sharti moja tu: mlolongo wa ideali zinazozidi kukua lazima ufike mahali usimame. Nguvu yake ilitoka kwenye kuweka kando picha na namba, vyote viwili.

#7 ChaliiWaSakina
Watu wa Moshi bwana. Sita moja mnaigawa njia mbili ili kila upande wa ukoo uondoke na faida.

#8 Mangi_Mtulivu
Bora sisi tunagawa, chalii. Nyie Arusha mnaikodisha kwa watalii.

#9 MzeeWaDrafti
Binti, hapo kwenye mgawanyo wa ideali usimsahau Emanuel Lasker. Yeye alishaufanya 1905 kwa ringi za polinomia. Noether ndiye aliyeonyesha 1921 kwamba lile sharti la mlolongo linatosha, polinomia au si polinomia. Ndiyo maana vitabu vinaandika Lasker na Noether pamoja.

Na kwa wasiojua, Lasker huyo ndiye bingwa wa dunia wa sataranji kuanzia 1894 hadi 1921. Miaka 27 kwenye kiti. Mwaka aliopokonywa taji na Capablanca kule Havana ndio mwaka Noether alitoa makala yake.

#10 ChaliiWaSakina
Mzee kumbe sataranji inafungua ideali. Drafti ya pale kijiweni kwenu imefungua nini mpaka leo zaidi ya soda?

#11 MzeeWaDrafti
Imenifungulia subira ya kusoma maandishi yako.

#12 TengeruKwaJuu
Naona #4 na #6 wanavutana bure, maana pande hizo mbili zilishaungana. Chukua namba 15, uifanye funksheni, na nukta zake ziwe namba tasa. Thamani ya 15 penye 7 ni baki lake, 1. Penye 2 ni 1. Penye 3 ni sufuri, penye 5 ni sufuri. Sasa chukua 9: penye 3 inakuwa sufuri mara mbili, sawasawa na mstari wa #1 unaogusa duara ukingoni. Huu ndio mtazamo Grothendieck aliouchapa kuanzia 1960: kila ringi komutativu, hata ya namba kamili, ni funksheni za mahali fulani, na nukta za mahali hapo ni ideali tasa, zile ambazo zao la vitu viwili likiwamo, basi angalau kimoja kimo.

Kwa anayeanza, mimi huwa natoa mifano miwili ya mkono. Wa kwanza ni xy = 0. Picha yake ni mihimili miwili. Kwenye ringi yake x si sufuri, y si sufuri, ila zikizidishwa ni sufuri. Chuoni jambo hilo linaitwa ubaya wa ringi. Kwa jiometri ni kawaida kabisa: x ni sufuri kwenye mhimili mmoja, y kwenye mwingine, na umbo lina vipande viwili. Ringi isiyo na tabia hiyo (wala vitu vya kama y² = 0) umbo lake ni kipande kimoja.

Wa pili ni xy = 1, haipabola. Ishushe yote kwenye mhimili wa x: kila x inapata nukta yake isipokuwa 0, pale umbo linakimbilia mbali lisirudi. Sasa inamisha kidogo: weka u = x + y, ushushe kwenye u. Mlinganyo unakuwa x² − ux + 1 = 0. Hiyo x² haina kitu mbele yake, kwa hiyo kwa kila u kuna majibu mawili ya namba changamano, hakuna u inayobaki mikono mitupu. Penye u = 2 na u = −2 majibu yanalaliana. Hiyo ndiyo teoremu ya Noether ya kusawazisha, ile ambayo kitabuni inachukua nusu ukurasa wa herufi ndogondogo. Kisa chote ni kuinamisha mhimili.

#13 NuktaWaRau
Mkuu umetisha. Ile teoremu niliiandika neno kwa neno kwenye mtihani, na ndiyo leo naambiwa ni kuinamisha mhimili.

#14 ChaliiWaSakina
Ngoja na mimi nichangie kabla sijafukuzwa. Kuna kitu wanaita ringi ya mahali, unachukua nukta moja unasahau kwingine. Si ni kama boda wa kijiweni? Wa Sakina anajua kila kichochoro cha Sakina, ukimwambia Njiro anaanza kukuuliza njia.

#15 TengeruKwaJuu
Chalii umejitahidi, lakini boda wako anajua kidogo mno. Kwenye topolojia ya Zariski, yaani kanuni ya nini ni jirani ya nini kwenye maumbo haya, mtaa ni mkubwa wa kutisha. Kwenye mstari, "jirani" ya nukta ni mstari wote ukitoa nukta chache. Kwa hiyo boda wa Sakina anayemjua huyu Zariski ana Sakina, Njiro, Usa River mpaka Moshi, kasoro vituo vichache. Ukimpata huyo ringi yake ya mahali, unaweza kujua umbo zima karibu lote. Wanaotaka mtaa mdogo wa kweli wanachukua mfululizo wa vipeo, yaani kama polinomia isiyokwisha (huitwa kamilisho), na hiyo ni habari nyingine.

#16 Fundi_UngaLtd
Samahani wakubwa. Nilifungua nikidhani ni ringi za pistoni. Nimesoma mpaka hapa, swali moja: inaleta hela?

#17 TengeruKwaJuu
Fundi karibu. Kwa wengine inaleta. 1965 Bruno Buchberger, kwenye tasnifu yake Innsbruck, alitoa njia ya kuchukua rundo la milinganyo ya polinomia na kuipunguza hatua kwa hatua mpaka ibaki inayosomeka. Milinganyo hiyo ya mwisho baadaye akaiita besi za Gröbner kwa heshima ya msimamizi wake. Leo ziko ndani ya programu kama Singular na Macaulay2, na watu wanazitumia kuhesabu mikono ya roboti: ncha iko hapa, je viungio vikae pembe gani? Hata kwenye simu unaweza kujaribu bure kwa SageMathCell, huhitaji kompyuta.

Na hii nasema kwa #1 pia: mimi si picha wala namba vilivyonifundisha. Ni kukaa napiga besi za Gröbner kwa mkono mpaka vidole vinachoka. Ideali ikawa kitu ninachokijua tabia.

#18 Fundi_UngaLtd
Mikono hiyo naijua. Nina kazi ya mkono wa kukunja wa kibanda, vipande viwili vya flatibari, cha sentimita 40 na cha 30, bolti katikati. Ncha moja iko ukutani, nyingine kwenye fremu. Ncha zikiwa mbali sentimita 50, kiwiko kinakaa juu au chini, sehemu mbili. Nikivuta mpaka 70 mkono unanyooka, sehemu moja. Zaidi ya 70 haifiki.

Kinachonisumbua ni pale pa 70. Ukikunjwa, kiwiko kimetulia tuli. Ukinyooka kabisa kinacheza juu na chini, na bolti ni ileile nimeikaza vilevile. Bosi wa kibanda anasema nimemfungia bolti mbovu.

#19 TengeruKwaJuu
Fundi!! Wakuu, someni hiyo tena.

Weka ukuta penye (0, 0) na fremu penye (50, 0). Kiwiko kiko kwenye duara mbili: x² + y² = 1600 na (x − 50)² + y² = 900. Toa moja kwenye nyingine: x = 32, y² = 576, y ni 24 au −24. Juu na chini, kama ulivyosema. Sasa fremu iende (70, 0): x = 40, y² = 0. Ringi ya #1 hiyohiyo, y isiyo sufuri ambayo mraba wake ni sufuri. Na mchezo wa kiwiko chako uko kwenye mwelekeo wa y hasa.

Kwa namba: kiwiko kikisogea pembeni kwa sentimita d, kipande cha 40 kinahitaji nafasi ya ziada ya d²/80 hivi, na cha 30 kinahitaji d²/60. Jumla ni karibu d²/34. Matundu ya bolti yakipwaya milimita 1 tu kwa jumla, d inafika kama sentimita 1.8 juu, na 1.8 chini. Mwambie bosi bolti ni nzima. Weka kizuizi mkono usifike 70, uishie 68 hivi, utatulia.

#20 Fundi_UngaLtd
Kesho asubuhi naweka kizuizi. Ahsante kaka, hiyo ndiyo hela niliyokuwa naulizia.

#21 Mwl_Kiboriloni
Nampongeza fundi, lakini tuwe wakweli. d²/80 ni kalkulasi ya kidato cha sita. Newton angemjibu fundi bila kutaja ringi hata moja. Mmeipamba aljebra kwa shela la mtu mwingine.

#22 TengeruKwaJuu
Mwalimu, kalkulasi inahitaji ukaribu na mipaka. Ile y ya ringi inafanya kazi hata juu ya baki za kugawa kwa 7, mahali ambapo hakuna kitu kinachoitwa karibu. Aliyekopa shela ni Newton.

#23 Mwl_Kiboriloni
Newton alikufa 1727. Alikopaje kwa watu wa 1960?

#24 Usinichoree
Nimesoma kimya uzi mzima, kwa kusomewa na simu. Mimi sioni tangu darasa la nne. "Mpaka uione", "kwa macho", "chora kila kitu"... kwangu hayo ni milango iliyofungwa. Aljebra ndiyo iliyonipokea: sharti, tokeo, sharti, tokeo, kila kitu kinasikika. #6 alivyosema kuhusu Noether ndivyo ilivyo kwangu. Kwa hiyo dai la #1 ni la watu wenye macho, mkuu, na hata kwenu sidhani kama macho ndiyo yaliyofanya kazi.

#25 BintiMachame
Nakuunga mkono, lakini ukweli una pembe nyingine. Pontryagin alipoteza macho akiwa na miaka 14 na akawa mkubwa wa topolojia. Bernard Morin wa Ufaransa alikuwa kipofu tangu utotoni, na ndiye aliyefanyia kazi jinsi ya kugeuza tufe ndani-nje bila kulichana. Hizo ni jiometri za kizito. Jiometri na macho ni vitu viwili.

#26 Usinichoree
Morin namjua dada. Basi NuktaWaRau aseme "jiometri" asiseme "kuchora", tutaelewana nusu.

#27 NuktaWaRau
Sawa mkuu, jiometri. Na kwenye jiometri bado nasimama. Mgawanyo wa Lasker aliousema mzee: chukua ideali ya (x², xy). Inavunjika kuwa (x) na (x², y). Maana yake: mstari x = 0, pamoja na nukta iliyonenepa pale mihimili inapokutana. Nani angeielewa hiyo kwa herufi tu?

#28 BintiMachame
Vizuri umeileta. Ideali hiyohiyo inavunjika pia kuwa (x) na (x², xy, y²). Au (x) na (x², y + x). Hesabu mwenyewe, zote zinatoa (x², xy). Sasa nukta yako imenenepa kwa upande upi? Kwa mlalo? Kwa mshazari? Pande zote? Ideali haisemi. Unene umeuchora wewe.

#29 MzeeWaDrafti
Ila mstari wenyewe na mahali nukta ilipo havibadiliki, uvunje unavyovunja. Noether alithibitisha na hilo.

#30 BintiMachame
Mzee, mahali hapabadiliki, nakubali. Lakini mwenzetu ametoa hoja ya unene.

#31 Mangi_Mtulivu
Mimi nina maoni ya kawaida tu. Nilifeli ringi chuoni kwa sababu kipindi kilikuwa saa nane mchana baada ya ugali, na mhadhiri alikuwa anausomea ubao. Angekuja na duara au na √−5, ningelala vilevile. Hamjamtaja mwalimu hata mara moja kati ya sababu zenu.

#32 Mwl_Kiboriloni
Mangi leo ndiye aliyesema la maana kuliko wote, na inaniuma kukubali.

NuktaWaRau, kabla sijafunga: y² = x³. Pale mihimili inapokutana kuna ncha kali. Kila nukta ya umbo hilo ni (t², t³), kwa hiyo ringi yake ina t², ina t³, na kila kinachozidi hapo, ila t yenyewe haimo, japokuwa ni y kugawa kwa x. Ringi imekosa kitu kimoja kidogo tu. Niambie: ni ncha iliyokufanya uone t haimo, au ni kukosekana kwa t kulikokuambia kuna ncha?

#33 NuktaWaRau
Ncha kwanza, mwalimu. Niliichora ndipo nikauliza ringi imekosa nini.

#34 Usinichoree
Mimi nilianza na t. Sikujua kama kuna ncha mpaka nilipoisikia hapa sasa hivi, na ringi nilikuwa nayo mwaka mzima. Nikaambiwa "haijafungika kikamilifu", nikaongeza t, ikafungika, nikaendelea na safari.

#35 ChaliiWaSakina
Sasa hapo mwalimu umepata majibu mawili kwa swali moja. Yazidishe tuone kama yanatoa sufuri.